Trela la Kubebea Gari na Vifaa vya Kambi: Hesabu ya Nusu Mita

Mji mdogo wa Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, umezungukwa na majabali mekundu ya mawe ya mchanga yaliyochongwa na maji na upepo kwa mamilioni ya miaka. Tangu mwaka 1967 wenye magari ya Jeep wamekuwa wakikusanyika huko wakati wa Pasaka ili kuyapandisha magari yao juu ya miamba hiyo, na usiku kulala mahemani. Wengi hutoka mbali. Kutoka Denver tu ni kilometa zipatazo 570. Jambo linalomshangaza mgeni ni kwamba magari mengi kati ya hayo hayafiki kwa magurudumu yake yenyewe, bali hufika yamebebwa juu ya trela linalovutwa na pikapu kubwa.

Hiyo si anasa tu. Tairi nene zenye meno makubwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya miamba, huisha upesi juu ya lami. Tena gari linalopanda majabali huweza kuvunjika ekseli, na mwenye gari hilo moja tu hana njia ya kurudi nyumbani. Basi hununua trela, na hapo ndipo kosa la kwanza linapotendeka: hulichagua kwa kutazama urefu, rangi na bei, naye angepaswa kuanza na mizani.

Trela linalouzwa sana kwa kazi hii ni la wazi, lenye ekseli mbili, na kibao cha mtengenezaji huonyesha kwamba uzito wake wote pamoja na mzigo usizidi kilo 3,175. Trela lenyewe tupu lina uzito wa kilo 900 hivi. Jeep ya milango minne ya aina ya Wrangler ina kilo zipatazo 2,000. Jumla ni kilo 2,900, na kilichobaki ni kilo 275. Kwa macho ya mnunuzi hiyo ni akiba kubwa. Lakini katika jangwa la Utah maji hubebwa, na kila lita ni kilo moja. Familia ya watu wanne haiwezi kukaa siku tatu bila lita 80 hivi. Lita 40 za petroli ni kilo 30. Winchi na waya wake wa chuma huweza kufikia kilo 40. Yakiongezwa mahema, chakula, jokofu, spana, jeki, gurudumu la akiba na bampa nzito za chuma ambazo mwenye Jeep amezifunga bila kuzipima, akiba ile imekwisha. Kwa mtu wa namna hii trela la ngazi inayofuata, la kilo 4,500 hivi, ndilo linalostahili, ingawa lenyewe ni zito zaidi na linahitaji gari la kuvuta lenye uwezo mkubwa zaidi.

Hata hivyo, jumla ya uzito ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mahali uzito huo unapokaa, na hapo mwanafunzi wa kidato cha pili aliyejifunza nyenzo anao ujuzi wote unaohitajika. Trela ni wenzo. Egemeo lake ni katikati ya ekseli mbili, na mwisho wa mkono wake wa mbele umelalia tufe la chuma lililofungwa nyuma ya pikapu. Kanuni inayofuatwa Marekani kwa matrela ya aina hii ni kwamba tufe hilo libebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake.

Tuseme kutoka kwenye tufe hadi katikati ya ekseli ni mita 4, na trela tupu hulikandamiza tufe kwa kilo 90. Ikitakiwa asilimia 12 ya kilo 2,900, tufe libebe kilo 348. Kwa hiyo Jeep yenyewe ichangie kilo 258. Kwa kanuni ya momenti, kilo 2,000 zikizidishwa kwa umbali wa kitovu cha uzito cha Jeep mbele ya ekseli lazima zilingane na kilo 258 zikizidishwa kwa mita 4. Umbali huo ni mita 0.52. Maana yake ni kwamba Jeep isimamishwe hivi kwamba kitovu chake cha uzito kiwe nusu mita mbele ya ekseli za trela. Ikirudishwa nyuma nusu mita hiyo tu, mchango wake unakuwa sifuri, na tufe linabaki na kilo 90, yaani asilimia 3. Kwa macho tofauti hiyo haionekani, lakini barabarani ndiyo inayoamua kama safari itafika.

Sasa liongezwe sanduku la vifaa vya kambi lenye kilo 200. Likifungwa nyuma kabisa, mita 2 nyuma ya ekseli, huliondolea tufe kilo 100. Jumla ni kilo 3,100, bado chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibao. Lakini tufe sasa lina kilo 248, asilimia 8 tu. Mzigo haukuzidi, na trela limekuwa la hatari. Sanduku hilohilo likiwekwa juu ya ekseli halibadilishi momenti hata kidogo, na tufe linabaki na kilo 348, zaidi kidogo ya asilimia 11. Ndiyo sababu trela jema ni lile lenye nafasi ya kutosha kulisogeza gari mbele na nyuma, na lenye pete imara za kufungia mahali pengi. Trela linalotoshana na Jeep sawasawa, bila nafasi ya kusogeza, humfunga mwenyewe mikono.

Msomaji atauliza: kwa nini trela jepesi mbele liyumbe? Trela linalovutwa hufanana na bembea iliyolazwa chini, yenye tufe kwa kiungo. Upepo wa lori linalopita au shimo dogo hulisukuma upande, nazo tairi zake hulirudisha. Lakini tairi hutoa kani ya kurudisha kwa kadiri ya pembe inayofanyika kati ya uelekeo wake na njia inayopita kweli, na kwa mtikiso uleule wa upande pembe hiyo hupungua mwendo unapoongezeka. Kwa hiyo trela lililotulia kwa kilometa 70 kwa saa huweza kuanza kupiga mkia kwa 100, na kila pigo likawa kubwa kuliko lililotangulia, hata likalipindua pikapu. Kitovu cha uzito kikiwa nyuma mno, mwendo huo wa hatari huja mapema. Vivyo hivyo mizigo mizito iliyowekwa kwenye ncha zote mbili: tufe linaweza kuwa na asilimia iliyo sawa, na bado trela likawa gumu kutuliza kama kijiti chenye mawe mawili mwishoni. Dereva aliyepatwa na hali hiyo huinua mguu taratibu, hushika usukani imara, na kama ana kifaa cha mkono hukaza breki za trela peke yake. Kukanyaga breki za pikapu kwa nguvu huzidisha balaa, kwa kuwa trela husukuma kutoka nyuma.

Kupima mkandamizo wa tufe hakuhitaji kiwanda. Trela hufunguliwa kutoka kwenye gari likiwa limepakiwa, magurudumu yake yakazuiwa kwa mawe, na mkono wake ukashushwa juu ya ubao imara uliolala sawasawa. Ubao huo huungwa mkono upande mmoja na tofali, na upande mwingine, mita 1.2 mbali, na mizani ya kupimia watu. Mkono ukikandamiza sentimeta 30 kutoka kwenye tofali, mizani hubeba robo tu ya uzito. Ikionyesha kilo 87, baada ya kutoa uzito wa ubao, tufe lina kilo 348. Shuleni jambo hili laweza kufanywa kwa rula, jiwe na mizani ya dukani.

Njia ya Denver kwenda Moab ina mtihani mwingine. Hupanda hadi mahandaki ya Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 30, na injini isiyo na kipulizio hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Kisha hushuka karibu mita 700 kwa mteremko mmoja mkali. Pikapu na trela vyenye kilo 6,000 kwa pamoja hupoteza hapo nishati ya jouli milioni 41, inayotosha kuchemsha lita 120 za maji baridi. Breki pekee haziwezi kuimeza bila kuungua. Sehemu kubwa yapasa kuachiwa injini kwa gia ndogo. Katika majimbo mengi ya Marekani trela linalozidi kilo 1,361 lazima liwe na breki zake. Mnunuzi mwenye busara hudai breki katika ekseli zote mbili, hata kama sheria ya kwao inaridhika na moja.

Yako pia matrela yaliyofunikwa, yenye vitanda mbele na banda la gari nyuma. Hupendeza, lakini mengi huzidi kilo 3,000 yakiwa matupu, na banda lake kwa kawaida hutosha pikipiki za magurudumu manne, si Jeep kamili. Mzigo huo hukaa nyuma ya ekseli, hivyo ukishushwa tufe huelemewa, na ukipakiwa hupungukiwa. Isitoshe, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni kuelekea mahali watu wanapolala.

Njia ya tatu ni ya zamani zaidi. Kampuni ya American Bantam ya Butler, Pennsylvania, ndiyo iliyounda Jeep ya kwanza ya majaribio mwaka 1940. Zabuni kubwa zikaenda kwa Willys na Ford, nayo ikapewa kazi ya kutengeneza trela dogo la robo tani la kuvutwa na gari hilo. Lilikuwa na bodi isiyopitisha maji, hivyo liliweza kuelea. Baada ya vita raia waliyanunua matrela hayo na kuyafanya ya kambi. Trela la namna hiyo, lenye tairi sawa na za Jeep ili zipite katika nyayo zilezile, hufuata hadi korongoni ambako lile la ekseli mbili lingekwama. Mwenye nyumba iliyo karibu na Moab hana haja ya jingine.