Bao Lenye Dozi

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtu aliyedhoofika mkono kwa kiharusi, akiokota kete na kuzigawa shimo kwa shimo, anavifanyisha vidole kazi, anahesabu na kukumbuka nyumba ya mwenzake ina ngapi. Mwenye msonona naye analazimika kuketi na mtu na kungoja zamu. Mpita njia huona watu wanaopoteza muda. Mtaalamu wa tiba kwa burudani huona kipimo: juzi mgonjwa alichoka baada ya dakika kumi, leo amemaliza mchezo na anadai marudio.

Burudani huwa tiba ikipangwa. Mtaalamu huanza kwa kumuuliza mgonjwa na ndugu zake alipenda nini kabla ya kuugua. Huweka lengo dogo linaloonekana, huchagua shughuli inayolielekea, kisha hupima na kubadilisha. Aliyezoea kucheza selo, ngoma ya Wazigua, huenda akaamka zaidi kwa mdundo wake kuliko kwa mpira asioujali.

Marekani taaluma hii ina vyeti vyake. Kwetu Tanzania kazi yake huangukia zaidi watoa tiba kwa vitendo, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii.

Kwa wakazi wa Handeni na Korogwe, mfano uko jirani: Hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Ilianza mwaka 1896 ikiwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikapokea wagonjwa wa akili, ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo Afrika Mashariki. Huko kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu.

Sababu ni ya kitabibu. Katika skizofrenia, dawa zinaweza kunyamazisha sauti anazosikia mgonjwa, lakini mara nyingi ulegevu na kukosa hamu hubaki. Bustani inayongoja maji asubuhi humpa sababu ya kuamka. Ila hiari ni lazima: jembe la kulazimishwa ni kibarua kisicho na ujira, wala halimponyi mtu.

Kazi ngumu huanza mgonjwa akirudi kijijini. Ndugu, kwa huruma, humpokonya kila shughuli: asichote maji, asichunge mbuzi, akae tu kivulini. Huruma hiyo humrudisha kitandani. Ndugu, msimwachishe dawa wala kliniki. Mpeni shughuli moja aipendayo, kwa saa ile ile kila siku, na mtu wa kuifanya naye. Akisema leo hataki, mwacheni. Kesho mlete tena bao.