LINDO LA USIKU WA MIEZI SITA

Askari wa zamu anajua kwamba kulinda si kukutana na adui kila siku. Siku nyingi hupita pasipo kutukia jambo. Lakini jambo litukiapo, ole wake aliyesinzia. Lindo la namna hiyo lipo katika Ncha ya Kusini ya Dunia, mahali ambapo jua likishazama halichomozi tena mpaka itimie miezi sita.

Huko, ndani ya barafu, umefukiwa mtambo uitwao IceCube, uliokamilika Desemba 2010. Wakati huo ulikuwa na macho ya kioo 5,160, yaliyotungwa kama shanga katika nyaya 86 na kuteremshwa kina cha meta 1,450 hadi 2,450.

Kinachongojewa ni nutrino, chembe ndogo mno isiyozuiwa na ukuta wala mlima. Kila sekunde mabilioni yake, yatokayo katika jua, hupenya ukucha wa kidole cha binadamu bila kuacha alama. Zile zenye nguvu kubwa, zitokazo mbali kupita nyota zote tuzionazo, ni adimu. Mara chache mojawapo hugonga barafu, ikazusha mwanga hafifu wa buluu, na macho yale yakauona.

Taabu ni wadanganyifu. Chembe nyingine, zizaliwazo hewani, huupitia mtambo kiasi cha 3,000 kila sekunde. Kwa hiyo wataalamu huitumia Dunia yenyewe kuwa chungio: kitokacho upande wa chini, kikiwa kimeipenya ardhi, hakiwezi kuwa kingine ila nutrino. Mwaka 2013, baada ya ulinzi wa miaka miwili, walitangaza dalili 28 tu zilizostahili kuchunguzwa.

Tarehe 22 Septemba 2017 subira ilivuta heri. Nutrino moja iligonga, na habari zikatumwa duniani kote kabla ya dakika moja kwisha. Darubini zilipoelekezwa ilikotoka, zilikuta galaksi iliyokuwa ikiwaka kwa ukali, ambayo mwanga wake husafiri miaka ipatayo bilioni 4 hata kuifikia Dunia. Ndipo, kwa mara ya kwanza, chimbuko la nutrino ya namna hiyo lilipopata kutajwa kwa ushahidi.

Kila mwaka, ndege zikomapo kutua na giza kuingia, watu wawili miongoni mwa wachache wabakiao kituoni hukabidhiwa mtambo huo, katika baridi iwezayo kupita nyuzi 60 chini ya sifuri. Hawajui mgeni atabisha lini. Wajibu wao ni mmoja: akibisha, amkute mlinzi yu macho.