Kasri la Dracula (2): Siku Dari Ilipogeuka Sakafu

Juma lililopita tulimwacha Alucard ndio kwanza ameingia katika kasri la baba yake, Dracula, mwaka 1797 kwa hesabu ya mchezo wenyewe. Ana upanga, ngao, deraya na kofia ya chuma, na mbwa mwitu wa mwanzo anawafyeka kwa pigo moja moja. Hajafika mbali, Mauti anamtokea na kumtaka aache safari yake. Alucard anakataa, naye Mauti anampokonya silaha zote. Tangu hapo mchezaji anapigana kwa ngumi.

Castlevania: Symphony of the Night ulitolewa na Konami kwa mashine ya PlayStation mwaka 1997, miaka 100 tangu kuchapishwa kwa riwaya ya Bram Stoker kuhusu Dracula. Wakati ule wengi walikimbilia michezo ya pande tatu, waundaji wa mchezo huu wakabaki na picha bapa zilizochorwa kwa mkono wa subira. Lakini si picha zinazonirudisha huko mwaka baada ya mwaka. Ni nyumba yenyewe.

Castlevania ya kwanza, ya mwaka 1986, ilikwenda kwa hatua: ukivuka moja, imekwisha, hurudi tena. Toru Hagihara, aliyeongoza kazi ya Symphony of the Night, na Koji Igarashi, msaidizi wake, walilifungua kasri zima. Ukuta unaokushinda leo utaupita kesho utakapojifunza kugeuka popo. Wavu wa chuma utaupenya ukiwa ukungu. Kwa hiyo unarudi, na kurudi tena, mpaka njia za maktaba, kanisa na mnara wa saa zinakukaa kichwani kama vichochoro vya mtaa uliokulia. Kuna hata darubini ambayo haikupi silaha wala nguvu. Ukichungulia unamwona mvusha watu kwenye mtumbwi wake, chini kabisa ya ardhi. Ni mahali utakapofika baadaye kwa miguu yako. Napenda sana wabunifu waliojali jambo dogo namna hiyo.

Sasa tufike penye kiini. Juu kabisa ya kasri, kwenye kiti cha enzi, hayupo Dracula. Yupo Richter Belmont, mwindaji wa ukoo maarufu, yule yule ambaye mchezaji alimwongoza katika utangulizi kumshinda Dracula. Ukimuua, mchezo unakwisha, na majina ya waliouunda yanapita kwenye skrini. Unaweza kuzima mashine ukiamini umeshinda, kumbe umemuua mtu aliyerogwa.

Dalili zilikuwepo. Zipo pete mbili, ya dhahabu na ya fedha, zenye maandishi yaliyokatika. Ukiyaunganisha yanakuelekeza kwenye chumba cha saa. Huko binti aitwaye Maria anakupa miwani, na kwa miwani hiyo unaliona tufe linaloelea juu ya Richter na kumtawala. Ukilivunja tufe badala ya kumpiga mtu, mbingu inafunguka na kasri la pili linatokea angani, kichwa chini miguu juu.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipo. Kila chumba unakifahamu, lakini ngazi zinaning'inia juu yako, maji ya mapangoni yametanda darini, na mahali ulipozoea kutua hapakanyagiki tena. Maarifa uliyoyakusanya kwa saa nyingi hayajafutwa, yamepinduliwa. Zimwi jipya hushtua mara moja, ukilizoea basi. Nyumba uliyoijua ikigeuka inakutia mashaka kila hatua. Wabunifu walilazimika kusanifu kila ukumbi wakijua utatembelewa mara mbili, dari yake siku moja ikiwa sakafu. Ndiyo maana anayemaliza ramani yote anaonyeshwa asilimia 200.6.

Na safari yote inaishia nyumbani. Mwishoni mwa kasri hilo lililopinduliwa Dracula anaanguka mbele ya mwanawe, na kabla ya kutoweka anauliza jambo moja: mke wake, Lisa, aliyeuawa na watu, alisema nini mwisho wake? Alucard anamjibu kwamba mama aliomba wanadamu wasichukiwe, na kwamba atampenda mumewe milele. Dracula, aliyelijaza kasri zima mazimwi, anamwomba Lisa msamaha na kumuaga mwanawe.