Je, Wajua? Kutoka Pikipiki ya Kijiweni Hadi Kafe Resa

Mwaka 1947 ardhi ya Mwadui, Shinyanga, ilitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo. Baada ya kuchongwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondolewa, na hapo ndipo uzuri wake ulipoonekana.

Kafe resa hujengwa kwa kanuni hiyo. Ni pikipiki ya barabarani iliyovuliwa kila kisichohitajika: usukani uko chini, kiti ni kifupi cha mtu mmoja, na mstari kutoka tangi hadi mkiani umenyooka. Mafundi wetu wa Mwadui, Maganzo, Kahama na Geita tayari wanajua kuchomelea, kupuliza rangi na kufumua injini. Yafuatayo ni kwa kijana anayetamani kuugeuza ufundi huo kuwa sanaa.

Ilikotoka

Je, wajua kwamba kafe resa ilizaliwa mgahawani? Ace Cafe ilifunguliwa mwaka 1938 kando ya barabara ya North Circular, London. Ilibomolewa kwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikajengwa upya mwaka 1949. Miaka ya 1950 na 1960 vijana waliifanya kijiwe chao: chai, muziki, kisha mbio kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine. Ilifungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena 2001.

Je, wajua vijana hao walikuwa wanawinda nini? Maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 161. Wengi hawakuwa na fedha za kununua pikipiki ya mashindano, basi waliipunguza uzito ile waliyokuwa nayo: usukani ukashuka, vikanyagio vikarudi nyuma, madigadi nzito zikatolewa.

Je, wajua kwamba kafe resa iliyosifika kuliko zote ilitoka kwa makampuni mawili hasimu? Triton ilikuwa injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton iitwayo Featherbed. Fremu hiyo ni kazi ya ndugu wawili wa Ireland ya Kaskazini, Rex na Cromie McCandless, na ilianza kutamba kwenye mashindano mwaka 1950.

Je, wajua kwamba viwanda viliwafuata vijana? Mwaka 1964 Royal Enfield walitoa Continental GT ya cc 250, ikiwa na sura ya kafe resa tangu kiwandani. Jina hilo lilirudi mwaka 2013 na injini ya cc 535, kisha 2018 na ya cc 650.

Injini tulizo nazo

Je, wajua kruza ni pikipiki gani? Ni ile ya kukaa kwa kujinafasi: kiti cha chini, usukani wa juu, miguu mbele, na foki zilizolala. Suzuki GN125, iliyotoka mwaka 1982, ina sura hiyo kwa umbo dogo, na viwanda vingi vya China vimeiiga.

Je, wajua kwamba kampuni ya Mutt ya Birmingham, Uingereza, imejipatia jina kwa pikipiki za sura ya zamani zenye injini ya cc 125 iliyotokana na hiyo hiyo GN125? Injini ndogo si kikwazo cha kazi nzuri.

Je, wajua kwa nini pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania ni rahisi kufumua chini ya mwembe? Injini zake zimetokana na Honda CG125 ya katikati ya miaka ya 1970. Honda waliikusudia kwa nchi ambako pikipiki inafanya kazi ngumu na huduma ni adimu, wakatumia vijiti vya kusukuma valvu badala ya cheni ya taimingi. Kwa mjenzi wa kafe resa, injini ya namna hiyo ni mwalimu mvumilivu.

Je, wajua kwamba Bajaj, watengenezaji wa Boxer, wana kruza pia? Avenger ilitoka mwaka 2005, ikiwa ya ukoo wa Kawasaki Eliminator. Na huko California, kampuni ya RYCA ilijulikana kwa kuuza vifaa vya kuigeuza Suzuki S40, kruza ya silinda moja yenye cc 652, kuwa kafe resa.

Je, wajua kwamba Bajaj hao hao mwaka 2016 walitoa V15, pikipiki yenye mwelekeo wa kafe resa, na ndani ya chuma cha tangi lake mna chuma cha meli ya kivita ya India, INS Vikrant, iliyokatwa skrepa? Chuma kizee hakijafa.

Mkono wa fundi

Je, wajua kwamba kifaa cha kwanza cha kazi hii ni uzi? Funga uzi kutoka nyuma ya tangi hadi taa ya nyuma, uvute ukaze, kisha simama hatua kadhaa pembeni utazame. Kwenye kruza tangi huinamia nyuma na kiti huzama, kwa hiyo uzi utaonyesha wazi mahali mstari unapovunjika. Wengine huinua nyuma ya tangi kidogo kwa kubadilisha kishikio chake, na kiti kinajengwa kufuata uzi. Usishike grenda kabla uzi haujakuridhisha.

Je, wajua mpaka wa kukata fremu? Mashikio ya juu ya shokapu za nyuma. Kilicho nyuma ya hapo hubeba kiti, madigadi na keria, na kinaweza kufupishwa. Kilicho mbele ya hapo hubeba uhai wako. Ukishakata, rudisha bomba lililopindwa la kuunganisha pande mbili, maana fremu iliyoachwa wazi mkiani hucheza, na kinachocheza hupasuka.

Je, wajua kwamba kuchomelea kunaweza kuua umeme wote wa pikipiki? Toa betri, chomoa CDI na regyuleta, na ubane waya wa ardhi karibu kabisa na unapochomelea. Tangi litolewe na kupelekwa mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka.

Je, wajua kwa nini kruza husita kwenye kona? Foki zake zimelala, mara nyingi digrii 30 au zaidi, wakati kafe resa hupenda 24 hadi 27. Huhitaji kukata shingo ya fremu. Ukiinua nyuma sentimita 2.5 kwa shokapu ndefu, kwenye pikipiki yenye sentimita 130 hivi kati ya ekseli na ekseli, pembe hiyo hupungua kwa digrii 1 hivi. Zidisha sana na cheni itaanza kusugua mkono wa nyuma.

Je, wajua kipimo cha usukani mpya? Washa injini ikiwa frii, uzungushe usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Injini ikipandisha mvumo yenyewe, waya wa mafuta umebanwa. Urefushe au ubadilishe njia yake. Halafu tazama vidole: vikigusa tangi usukani ukiwa umekata mwisho, siku ya dharura vitabanwa hapo hapo.

Je, wajua kwamba usukani wa chini bila vikanyagio vya nyuma ni adhabu ya kiuno? Mikono ikienda mbele na chini, miguu lazima irudi nyuma ili mwili upate mizani. Kwenye kruza kazi hii ni kubwa, maana pedeli ya breki na ya gia zinahitaji vyuma vipya vya kuunganisha. Hapo fundi wa kukereza vyuma ana thamani kuliko stika zote za mjini.

Je, wajua faida ya kuinama? Ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, ukinzani wa hewa huwa mara 4, na nguvu ya kuushinda huwa mara 8. Injini ya cc 125 haina nguvu ya kuchezea, kwa hiyo kifua kilichoshuka kinafaa kuliko ekzosi yenye kelele.

Je, wajua kwamba jino moja la sproketi hubadilisha tabia ya pikipiki? Ukiwa na meno 14 mbele na 42 nyuma, uwiano ni 3. Weka 15 mbele uwe 2.8, na injini itazunguka kwa upungufu wa asilimia 7 hivi kwa mwendo ule ule. Itatulia kwenye lami ndefu, ila itavuta kwa uzito zaidi kilimani.

Je, wajua kwamba hewa ya Shinyanga ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam? Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa imepungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopangwa pwani huku itamimina petroli nyingi mno. Fungua plagi uisome: nyeusi yenye masizi, punguza mafuta, kahawia hafifu, umepatia.

Je, wajua kitu ambacho picha za Ulaya zitakudanganya? Ni ule mtindo wa kutupa boksi la chujio la hewa na kuacha kabureta wazi. Vumbi la barabara za machimbo ni mchanga laini, na likiingia kwenye silinda husaga ringi na pistoni. Boksi libaki, au uweke chujio bora na ulisafishe mara kwa mara.

Je, wajua kwamba almasi nayo hutengeneza injini? Chembe za almasi, siku hizi hasa zile za kutengenezwa viwandani, huwekwa kwenye mawe ya kunolea silinda inapoongezwa saizi.

Barabarani na kwenye sheria

Je, wajua kwamba kafe resa ni mtoto wa lami? Inaifaa barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza. Kwa udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, au njia za kubebea viroba vya mawe kwenda kwenye makarasha huko Geita, jenga ndugu yake, skrambla: usukani mpana, tairi za meno makubwa, ekzosi ya juu.

Je, wajua gharama ambayo haimo kwenye bei ya spea? Kiti cha mtu mmoja hakibebi abiria. Bodaboda ya mkataba iachwe ilivyo mpaka hesabu ya bosi iishe. Jengea ile iliyochakaa, ambayo hakuna anayeitegemea kwa ugali.

Je, wajua kwamba kadi ya pikipiki kutoka TRA ina namba ya chesisi, namba ya injini na rangi? Ukibadilisha injini au rangi, katoe taarifa. Na grenda isiguse namba ya chesisi hata kidogo, maana pikipiki yenye namba iliyofutwa hushukiwa kuwa ya wizi.

Je, wajua kwamba helmeti tunayoijua ina uhusiano na kifo cha mtu mmoja mashuhuri? T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepata umaarufu Uarabuni, alikufa mwaka 1935 kwa ajali ya pikipiki. Daktari mmoja aliyemhudumia, Hugh Cairns, aliendelea kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha matokeo yaliyosaidia jeshi la Uingereza kuamua kuwavalisha helmeti. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Je, wajua kazi ya kwanza kabla ya rangi? Breki. Unapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, na ukikaa umeinama huongezeka zaidi. Badilisha viatu vya breki, safisha ngoma, kaza spoki, weka tairi mpya.

Kijana wa Mwadui, usisubiri kafe resa ije na kontena. Tafuta pikipiki chakavu yenye kadi halali, nenda VETA ukanoe mkono wa kuchomelea, na shirikiana na fundi siti, fundi rangi na fundi wa kukereza walio mtaani kwako. Anza na breki, malizia na rangi, na vaa helmeti siku ya kwanza ya kuijaribu.