Istilahi za Ukarabati wa Vyombo vya Tanga Bandarini na Ufundishaji wa Kiswahili Juba

Makala haya yanafafanua istilahi zinazotumiwa na mafundi wa pwani wanapokarabati chombo cha tanga bandarini, na kupima ni zipi zinazoweza kumfaa mwanafunzi wa Kiswahili aishiye mbali na bahari. Mfano unaotumika ni Mangateen, eneo la jiji la Juba lenye kambi ya watu waliohamishwa na vita vilivyoanza Desemba 2013. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo ufundishaji wa Kiswahili nchini humo umekuwa suala la sera. Swali linalofuata ni hili: istilahi za ufundi zitungwe upya, au zichukuliwe kwa mafundi wenyewe?

Ukarabati una mfuatano wake. Jahazi au mashua hupwelezwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, ili fundi apate saa kadhaa za kazi kabla ya maji kurudi. Viumbe vilivyogandamana na mbao hukwanguliwa, kisha chombo hutiwa moto wa makuti ili kuua minyoo watobozi. Mianya baina ya mbao hukaguliwa. Palipolegea, pamba kuukuu hung'olewa na mpya, iliyotiwa mafuta, hushindiliwa kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo ndiyo kalafati. Hatimaye sehemu izamayo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Deheni ikitangulia kalafati, mwanya hufichwa bila kuzibwa, na maji huingia ngamani chombo kikiwa safarini. Kwa hiyo, anayejifunza maneno haya kwa mpangilio wake hujifunza pia utaratibu wa usalama.

Asili ya maneno haya inadhihirisha mgawanyiko wenye manufaa. Vitenzi vya mwenendo wa maji, kama vile kupwa, kujaa na kupweleza, ni vya Kibantu. Majina kadhaa ya vifaa na kazi yana asili ya Kiarabu: usukani hutokana na sukkān, msumari na mismār, deheni na duhn, kalafati na qalfaṭa. Kundi la kwanza limefungamana na bahari. Juba haina maji kupwa na kujaa. Kundi la pili linahusu chombo chenyewe, nalo linaweza kusafiri.

Hapa ndipo hali ya Mangateen inapohusika. Mto Nile hutoka Ziwa Victoria, lakini maporomoko ya Fula, baina ya Nimule na Juba, huzuia vyombo kuteremka. Matishali yanayofika Juba hutoka kaskazini, ni ya chuma na huendeshwa kwa injini, ilhali wavuvi hutumia mitumbwi. Jahazi haliwezi kufika huko, lakini msamiati wake unaweza. Kiarabu cha Juba ndicho lugha ya mawasiliano mapana jijini, na baadhi ya wakazi walijifunza Kiswahili walipokuwa wakimbizi Kenya na Uganda. Mwanafunzi wa aina hiyo hukutana na msumari au usukani akiwa tayari na njia fupi ya kuutambua, sharti mwalimu ahakikishe kwanza ni maneno gani yaliyo hai katika Kiarabu cha wanafunzi wake.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha yakusanye istilahi hizi kwa mafundi, pamoja na vitenzi na mfuatano wa kazi, badala ya orodha ya majina matupu. Pili, vitabu vya Sudan Kusini vianze na maneno yanayoshirikiana asili na Kiarabu, kisha vifundishe ya bahari kama maarifa ya mahali pengine. Tatu, ukusanyaji usicheleweshwe. Faiba inachukua nafasi ya mbao, na chombo cha faiba hakihitaji pamba wala deheni. Fundi asiyeifanya tena kazi hiyo hatakuwa na sababu ya kumrithisha mwanafunzi wake jina lake, na wanakamati watakaoketi baadaye watalazimika kutunga neno ambalo lugha ilikuwa nalo tayari.