Kano Lililobanduka Kitakoni

Mvua za vuli ziishukiapo nchi kavu ya Garissa, kama zilivyoishukia Novemba 2023 hata Mto Tana ukafurika na watu wakahama majumbani mwao, udongo uliokuwa vumbi jana hugeuka utelezi. Na mtu aliyeinama na mzigo wake, mguu mmoja ukamserereka mbele ilhali goti limenyooka, huweza kusikia mlio wa kukatika chini ya kitako kabla hata hajafika chini. Aghalabu hudhani amevunjika nyonga, kumbe kilichomtoka ni kano.

Nyuma ya paja mna misuli mitatu ianziayo kwenye mfupa wa kukalia, ule ugusao mkeka tuketipo, ikateremka mpaka chini ya goti. Mkimbiaji ashikaye paja katikati ya mbio, kama Usain Bolt alivyofanya London Agosti 2017, kwa kawaida huwa amejeruhi nyama ya msuli, nayo nyama ina damu tele na hupona upesi. Bali kano likibanduka mfupani, msuli hulivuta chini, likawa halina njia ya kurejea lenyewe mahali pake.

Mgonjwa hupigwa eksirei, na picha hutoka safi, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa wala si makano, isipokuwa kwa kijana ambaye mifupa yake haijakomaa, kwani huyo kano humng'olea kipande cha mfupa. Hapo wengi huambiwa ni mshtuko tu, wakarudi nyumbani na dawa za maumivu. Walakini tabibu wa zahanati iliyo mbali kabisa ana mikono yake: amlaze mgonjwa kifudifudi, amwambie akunje goti naye akilizuia, kisha apapase chini ya kitako atafute bonde pasipostahili kuwa na bonde, na baada ya siku chache atazame damu iliyovilia ikishuka hadi nyuma ya goti. Kwa mwenye kuswali yako pia maswali yafaayo kuulizwa, maana rukuu, kwa kuinama magoti yakiwa yamenyooka, huyavuta makano yayo hayo, ilhali sijida, kwa kukunja magoti, huyalegeza.

Burhani ya mwisho ni kipimo cha MRI, kionyeshacho makano mangapi yamebanduka na yamekwenda umbali gani. Naye mgonjwa wa Garissa akikifuata Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 350, na yule wa Mandera zaidi ya mara mbili ya hizo. Altrasaundi mikononi mwa mjuzi husaidia pia.

Mintarafu ya tiba, kano moja lililosogea chini ya sentimita 2 huachwa lipone kwa magongo, mapumziko, kisha mazoezi ya kuutia mguu nguvu. Yakiwa mawili au matatu na yamesogea zaidi ya hapo, wapasuaji wamezoea kuyashona mfupani, hususan kwa wanamichezo, tena katika wiki chache za mwanzo kabla kovu halijagandamana na neva kuu ya mguu. Hata hivyo utafiti wa Ulaya ya Kaskazini, uliochapishwa 2024, uliwalinganisha watu wa miaka 30 hadi 70, na baada ya miaka miwili waliotibiwa bila kisu hawakuwa nyuma ya waliopasuliwa. Kwa mfugaji wa makamo asiye na nauli ya Nairobi, naiona habari hii kuwa na thamani kuliko mashine yoyote, maadamu maradhi yake yametambuliwa na mtaalamu wa viungo anamwongoza.

Kinachomdhuru ni kuchuliwa. Wachuaji wetu wana ujuzi wao, wala siwadharau, lakini paja linalovuja damu ndani likikandwa kwa nguvu huvuja zaidi. Na kulinyoosha kwa lazima ati likunjuke ni kulivuta kano mbali zaidi na mfupa wake. Wiki za kwanza na apate barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, asiketie upande ule, na aswali juu ya kiti, ruhusa ambayo dini imempa mgonjwa tangu hapo. Mbio zitangoja miezi. Bali akihisi ganzi ikishuka hadi unyayoni, au akishindwa kuinua wayo, neva imeguswa, na huyo apelekwe hospitali ya rufaa siku ile ile.