Jedi, Zumaridi na Anyoliti: Mawe Matatu, Majina Matatu

Mafundi wa wafalme wa Uchina walitengeneza vyombo na mapambo kwa jiwe ambalo mara nyingi huwa la kijani. Kishawishi cha mfasiri ni kuliita zumaridi, kwa kuwa neno hilo tunalo tayari. Twaona kwamba hilo ni kosa, na hasara yake haiishii katika kamusi.

Zumaridi ni aina ya berili, nayo hupatikana hata nchini kwetu, karibu na Ziwa Manyara. Jedi ni jina la mawe mawili, nefraiti na jedaiti, ambayo Mfaransa Alexis Damour aliyatofautisha mwaka 1863.

Mkoani Arusha suala hili lina uzito wa pekee. Kaskazini ya Mlima Meru, huko Longido, huchimbwa jiwe la kijani lenye mabaka mekundu ya yakuti, ambalo hutengenezwa sanamu na mapambo. Jiwe hilo si jedi wala zumaridi. Ni zoisaiti, jamii moja na tanzanaiti, na jina lake, anyoliti, limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Ofisa akiliandika "zumaridi", hati yake imepotoka. Muuzaji akiliita "jedi", mnunuzi amedanganywa, na jiwe letu limepokonywa jina lake.

Kitenzi nacho kina tatizo. Twazoea kusema kwamba jedi "imechongwa". Kuchonga ni kazi ya tezo na patasi, ambazo hubandua vipande. Nefraiti haibanduki kwa urahisi, maana nyuzi zake zimesukana kama ukili. Mafundi waliila kidogo kidogo kwa vyombo vya kuzunguka vilivyoendeshwa kwa miguu, pamoja na mchanga mgumu uliolowanishwa. Ndivyo ulivyotengenezwa mlima wa jedi wa Mfalme Qianlong, wenye uzito wa tani 5 hivi, uliokamilishwa mwaka 1787. Kiswahili kinacho kitenzi cha kukata kwa kuzungusha: kukereza.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) jedi liwe jina la jumla, na nefraiti na jedaiti ziwe aina zake;
(b) zumaridi libaki kwa berili ya kijani peke yake;
(c) anyoliti litumike kwa jiwe la Longido;
(d) jedi ikerezwe, na fundi wake aitwe mkereza jedi.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wayapime mapendekezo haya kazini, kisha watuletee maoni yao.